Mkwe Asiyekula Firigisi

Mama mmoja anayeuza chakula karibu na stesheni ya Tabora aliniuliza siku moja kama ni daktari aliyenikataza. Nilikuwa nimeomba wali na maharage, bila nyama, bila mchuzi wa nyama, kisha nikataka kujua maharage yameungwa kwa kitu gani.

"Kwa mafuta," akasema.

"Mafuta gani?"

"Ya kula, baba. Unadhani nimeunga kwa dizeli?"

Nikamweleza kwamba sili kitu chochote kinachotoka kwa mnyama. Akanitazama kwa huruma, akapakua maharage, na kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri akanimwagia juu yake upawa wa mchuzi mwekundu. Nilipouliza ni mchuzi wa nini, akasema ni wa ng'ombe, lakini nyama yenyewe ameitoa.

Hayo nilikwisha kuyazoea. Ukisema huli nyama, mtu wa kwetu anakuletea kuku. Ukisema na kuku huli, anakuletea dagaa, maana dagaa si nyama wala si samaki, ni dagaa. Ukikataa dagaa anaanza kukuuliza habari za kanisa lako.

Mambo haya niliyaokota Arusha, katika safari zangu ndefu za kuhama kazi hadi kazi. Nimepakia mizigo Kahama, nimeuza simu Kigoma, nimelala Itigi miezi minane kwa sababu tu nilipenda hewa yake, na kwa miaka mitatu nilikuwa mpishi wa wageni wanaopanda mlima. Siku moja nikapewa kundi la watu ambao hawagusi nyama, samaki, mayai wala maziwa. Niliwapikia siku sita, na kwa uvivu wa kupika vyungu viwili nikala walichokula wao. Niliposhuka nikawatambia wapishi wenzangu kwamba ningeweza kuendelea mwezi mzima. Wakacheka. Mwezi ukaisha, nikaona sina haja ya kurudi nyuma. Huko Dar watu wa namna hii wanajiita vigani. Mimi sikujiita kitu. Nilirudi Tabora, nikapanga chumba Cheyo, nikaanza kazi ya kufunga sola vijijini, na kuku wa vijiji vyote hivyo wakaishi kwa amani kwa upande wangu.

Sikuwa mkali sana. Kuna kundi la simu niliwahi kuingizwa, la hao vigani wa mjini, na nilisoma mabishano yao kwa furaha kubwa. Walibishana siku tatu juu ya asali. Mmoja alisema nyuki ameibiwa. Mwingine akajibu kwamba basi na alizeti tuiache, kwa sababu nyuki ameifanyia kazi bila malipo. Wa tatu alitolewa kundini baada ya kutuma picha ya maandazi ambayo yalikuja kugundulika yamekandwa kwa maziwa. Mimi nilikuwa kimya. Kumwambia mtu wa Tabora asile asali ni kumwambia asahau alikotoka. Na mkanda wangu wa ngozi niliendelea kuuvaa, kwa hoja kwamba niliununua kabla sijaacha, na ng'ombe yule asingefufuka.

Basi nikiwa hivyo, nimevuka arobaini, nikampenda mwanamke anayeuza vitenge sokoni Tabora. Alikuwa mjane. Alinikubali upesi kuliko nilivyotegemea, lakini akasema kwamba kwa baba yake, huko Usoke, ningekuwa na kazi ngumu.

"Baba hana shida na umri wako, hana shida na kabila, hata sola anazipenda," akaniambia. "Ana shida moja. Amesikia kwamba hukai mahali. Yule wa kwanza alikufa, hilo halina wa kulaumiwa. Lakini anasema hatanioza kwa mtu atakayeondoka kwa miguu yake mwenyewe."

"Na chakula?"

"Chakula ni kitu kidogo. Utawaambia mwenyewe, kwa upole, ukishakaa. Usiache mtu mwingine akusemee."

Ushauri mzuri. Tatizo ni kwamba huwezi kwenda ukweni peke yako, na msemaji niliyempata alikuwa rafiki yangu fundi baiskeli, Mzaramo aliyezaliwa Tabora, ambaye babu zake walifika na misafara zamani za mizigo kichwani, wakasahau kurudi. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo kwa sababu ya njia ile ile ya misafara. Mtani anaweza kukutukania jeneza la mjomba wako na ukampa chai. Niliona hiyo ni faida: mzee akinuna, mtani atamchekesha.

Tulifika Usoke asubuhi, tukatembea kutoka barabarani tukipita mashamba ya tumbaku yaliyokwisha kuvunwa na mabani ya kuikaushia yaliyobaki na harufu yake tu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja umefagiwa hadi unaona aibu kuukanyaga. Baba mkwe alikuwa mtu mrefu, mkulima wa tumbaku aliyestaafu, mzee wa kanisa la Moravian. Pembeni yake alikaa dada yake, shangazi wa mchumba wangu, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na asiyecheka haraka.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Karibuni mpumzike."

Mtani naye akapiga magoti kwa madaha, akaamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kwa lafudhi mbaya ya makusudi.

"Mzaramo huyu ametoka wapi?" mzee akauliza.

"Nimekuja kuwadai mshahara wa babu yangu. Alibeba pembe zenu hadi pwani."

"Babu yako alibeba chungu cha wapishi, na alikivunja njiani."

Wakacheka wao wawili, nami nikaanza kupumua. Nilikalishwa kwenye kigoda kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, kigoda cha mgeni. Mchumba wangu, aliyetangulia siku moja kabla, hakukaa nasi. Kwa desturi ya kwao mwanamke anayeposwa hukaa jikoni, na jiko lilikuwa ng'ambo ya uwanja, mlango wake ukitazamana na wetu.

Kisha kikaja chakula. Na hapa ndipo niseme juu ya desturi ya nyumba ile. Mkwe akija mara ya kwanza, jogoo huchinjwa na kuletwa mzima, na juu yake huwekwa firigisi. Baba mwenye nyumba huikata firigisi vipande viwili. Kimoja anakula yeye, kimoja anampa mkwe. Mazungumzo ya posa hayaanzi mpaka nusu zote mbili zimeliwa. Mkwe asipokula, ni kwamba ameikataa nyumba, na yaliyobaki ni kuagana.

Mchumba wangu hakunieleza habari ya firigisi. Baadaye alisema alidhani kila mtu anajua.

Mzee akaosha mikono, akaomba kwa sala ndefu, akachukua kisu. Nikafungua kinywa niseme kwa upole, kama nilivyoelekezwa. Mtani akaniwahi.

"Baba, samahani. Huyu kwao kuku ni mwiko."

Kisu kikasimama hewani. Nilimtazama mtani, naye akanikonyeza, akiamini ameniokoa.

"Mwiko wa ukoo?" mzee akauliza.

"Wa ukoo."

"Kuku tu?"

Sasa mtani akaona ni heri ayamalize yote. "Kuku, ng'ombe, mbuzi, kondoo, samaki, mayai na maziwa."

Mzee akaweka kisu chini. "Ukoo gani uliokataza vyote hivyo? Waliishije?"

"Ndiyo maana wamebaki wachache," mtani akasema.

Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Na hapo niligundua jambo ambalo mtu mwingine asingelitegemea katika nyumba yenye picha ya kwaya ya kanisa ukutani. Kwenye lile kundi la simu ilibidi watu waeleze kwa nini hawali, watoe hoja, wabishane. Usoke hakuna aliyetaka hoja. Kila mtu pale alikuwa na jirani asiyekula kondoo, bibi asiyekula kambale, shemeji asiyegusa swala. Neno mwiko liliwaingia kama maji kwenye mchanga.

"Sisi ni watu wa kanisa," shangazi akasema akiinuka, "lakini mwiko ni mwiko. Hatutaki mtoto wa watu avimbe akiwa kwetu."

Kisha akaanza kazi.

Jogoo akaondolewa mbele yangu, akafunikwa, akahamishiwa upande wa mtani, ambaye alijitahidi kuonekana ana huzuni. Kisamvu kilirudishwa jikoni kwa sababu kiliungwa kwa samli. Sufuria ya ugali ikarudishwa pia, maana wiki iliyopita ilichemshiwa maziwa. Nikasikia sauti ya shangazi ikiagiza chungu kipya kutoka stoo, kile ambacho hakijawahi kupikiwa kitu.

"Shangazi, si lazima," nikasema aliporudi. "Ile sufuria ikioshwa inatosha."

"Inatosha kwako. Je, kwa wazee wako?"

Akanitazama nilipokaa.

"Inuka."

Nikainuka. Kigoda cha ngozi kikatolewa nje, nikapewa ndoo iliyogeuzwa.

"Huo mkanda?"

"Ni wa zamani, shangazi. Niliununua kabla..."

"Kabla ya kuzaliwa katika ukoo wenu?"

Nikavua mkanda. Suruali yangu ilikuwa ya kazi, pana kiunoni, na nikawa nimeishika kwa mkono mmoja mpaka mzee akaniletea kamba ya katani aliyokuwa akifungia mitumba ya tumbaku. Viatu vikafuata, vyote viwili, kisha kifuko cha simu. Hata paka alipopita mlangoni alifukuzwa kwa tahadhari. Ikaja chai, nayo ilikuwa ya rangi, na pembeni kuna asali ya msitu, nyeusi, ile ninayoijua kwa harufu kabla chombo hakijafunguliwa. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja," mzee akasema. "Nyuki ni mnyama?"

"Ni mdudu," nikajibu upesi.

"Ana damu?"

"Ana kitu kama maji," shangazi akasema. "Nimewahi kumpasua."

"Hiyo ndiyo damu yake," mzee akaamua, na asali ikaondoka.

Nilikunywa chai kavu, miguu peku, nimekalia ndoo na kufungwa kamba kiunoni. Lile kundi la simu lilinijia akilini. Wale watu wote wa mjini, pamoja na ukali wao, wangekaa darasani kwa shangazi huyu mwaka mzima na bado angewarudisha nyumbani kwa kosa la vifungo vya shati vilivyochongwa kwa pembe.

Chakula kipya kilipokuja kilikuwa kizuri ajabu: ugali, kisamvu cha karanga, uyoga uliokaushwa tangu masika, na matobolwa ya viazi vitamu. Kwa muda nikafikiri tumevuka. Mtani alikuwa na paja mkononi. Lakini shangazi alikuwa bado hajakaa sawa.

"Mwiko huu," akasema, "unawapata watoto?"

"Watoto gani?" nikauliza.

"Mtakaowazaa. Na binti yetu akiingia kwenu, atapika nini? Ninauliza ili tujue tunamfunga na nini. Ukoo wenu unaitwaje?"

Nikautaja. Mtani akaacha kutafuna.

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwenye khanga, akaivaa tena. "Bibi mzaa baba yetu alikuwa wa ukoo huo. Kaka, si ndiyo?"

"Ndiyo," mzee akasema.

"Nimelala naye kitanda kimoja hadi nikavunja ungo. Alikuwa akila nungunungu na kutafuna mifupa yake."

Kule jikoni vyombo vikaacha kugongana. Mzee hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alinitazama kama mtu anayetazama wingu ambalo alijua tangu mwanzo halitanyesha. Nilielewa anachofikiri: mtu asiyekaa mahali, na sasa hata maneno yake hayakai.

"Baba," nikasema, "mwenzangu alitaka kunisaidia, lakini amesema uongo, na mimi nimekaa kimya nikaula ugali wa uongo huo. Hakuna mwiko wa ukoo. Ni mimi tu. Niliacha mwenyewe, nikiwa Arusha."

"Mganga alikukataza?"

"Hapana."

"Daktari?"

"Hapana."

"Mchungaji?"

"Hakuna mtu, baba."

"Ukila leo, kuna kitakachokupata?"

"Hakuna."

"Huvimbi? Hutoki upele?"

"Hapana, baba."

"Kwa hiyo unaweza kula hii firigisi sasa hivi, tukaanza mazungumzo."

Hapo ndipo nilipokuwa. Kipande kimoja cha firigisi, kidogo kama kidole gumba, na ng'ambo ya uwanja mwanamke niliyemtaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka katika miji yote niliyopita. Sitajifanya kwamba sikufikiri. Nilifikiri, na hata harufu niliisikia, na ilikuwa nzuri.

"Ninaweza, baba," nikasema. "Lakini naomba nisile."

Mtani akafumba macho. Shangazi akasogeza kiti chake mbele.

"Umekaa na hili muda gani?"

"Miaka minne."

"Ukiwa kwenye sola zako huko porini, peke yako, nani anakuona?"

"Hakuna."

"Umevunja mara ngapi?"

"Mara mbili, shangazi. Kigoma nilikula samaki, migebuka ya kuchoma, kwa tamaa tu, na nilijua. Na huku Tabora nilikula maharage yenye mchuzi wa ng'ombe, niliona yatatupwa bure. Asali ninakula siku zote. Mkanda nao umeuona."

Akahesabu kwa vidole. Kisha akamgeukia kaka yake. "Sikiliza. Mtu huyu hakufungwa na yeyote. Ametembea miaka minne na ahadi aliyompa kuku, na kuku mwenyewe hajui."

"Kuku hanung'uniki," mzee akasema. "Kuku hakuulizi umetoka wapi. Ni rahisi kukaa na ahadi ya namna hiyo."

"Ni kweli. Lakini wewe ulisema hakai na kitu."

"Nilisema hakai na mahali."

"Basi mwambie akae na mahali. Ajiwekee na hilo liwe mwiko wake, hapa, mbele yetu. Tumeona namna anavyoshika. Anavunja kidogo, lakini anajihesabia."

Mzee akaniuliza kama ningeweza kuapa kwamba sitahama Tabora bila binti yake, na kwamba nikisafiri nitarudi siku niliyosema. Nikasema naweza. Nilidhani hapo tutamaliza. Kumbe ndipo mabishano yalipoanza hasa, na yakafanana sana na yale ya asali kwenye kundi la simu.

"Siku ngapi nje ya nyumba?" mzee akataka kujua.

"Sola za Kaliua zinachukua siku nne," nikasema.

"Nne ni nyingi. Tatu."

"Na safari yenyewe je?" mtani akaingilia. "Siku ya kwenda inahesabiwa? Mtu akiwa ndani ya treni, yuko nje ya nyumba au yuko njiani kurudi?"

"Wewe kula kuku," shangazi akamwambia. Kisha akafikiri. "Siku ya kurudi haihesabiwi. Siku ya kwenda inahesabiwa."

"Na Kigoma?"

"Kigoma hapana," mzee akasema. "Kigoma ndiko alikovunja."

Sauti ikatoka jikoni, ya mtu ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema lolote. "Kigoma aende, baba. Atarudi na mawese."

Mzee akajaribu kununa akashindwa. Kigoma ikaruhusiwa, siku tano, na mawese yakawa sharti.

Ilibaki firigisi. Mzee aliikata katikati kama inavyotakiwa, akala nusu yake. Nusu ya pili akaishika kwenye ncha ya kisu, akatafakari, kisha akamnyooshea mtani. "Wewe ndiye uliyeleta uongo hapa kwa niaba yake. Basi kula na hii badala yake."

Mtani akaimeza bila kutafuna. "Sasa baba, aliyekula firigisi ndiye mkwe," akasema. "Mwiteni bibi harusi tuondoke."

"Mzaramo akikaa na binti yetu atambebesha mizigo hadi Bagamoyo," shangazi akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka. Yakaanza mazungumzo ya ng'ombe wa mahari, ambao siku hiyo sikuruhusiwa hata kuwagusa.

Tumeoana mwaka wa tatu sasa, na tunaishi Cheyo. Mke wangu anakula nyama siku za Jumapili, kwenye sufuria yake, na hatujawahi kugombana juu ya hilo. Mwiko ule wa pili ndio mgumu. Kuna asubuhi honi ya treni ya Kigoma inalia nikiwa napiga mswaki, na miguu inaanza kufikiri yenyewe. Nimeuvunja mara moja. Treni iliharibika porini baada ya Kaliua, simu haishiki, na nikafika nyumbani nikiwa nimechelewa siku nzima na usiku wake. Mke wangu alicheka tu akanipa maji ya kuoga. Lakini Jumamosi iliyofuata nilipanda basi hadi Usoke, peke yangu, nikamweleza shangazi.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua karanga. Akauliza treni ilisimama saa ngapi, ikaondoka saa ngapi, na kama pale iliposimama palikuwa na pikipiki ya kukodi. Nikasema ilikuwepo moja, lakini dereva wake alikuwa mlevi. Akafikiri tena.

"Treni si wewe," akaamua. "Lakini ungeuliza pikipiki nyingine. Hesabu nusu."